Masega Hayapo: Kukagua Ekzosi Iliyokatwa na Kumfikia Mwenye Grenda

Ukiwa kwenye foleni ya Mwenge au Ubungo, Dar es Salaam, tazama kioo cha nyuma cha Toyota IST iliyo mbele yako. Mara nyingi utaona stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani na nyota nne. Nyota hizo zinasema gari lilipotoka kiwandani lilikuwa likitoa uchafu pungufu kwa asilimia 75 kuliko kiwango cha Japani cha mwaka 2005. Wenye magari wengi hawaibandui, pengine kwa sababu inapendeza. Sasa inama uangalie chini ya gari hilohilo. Si ajabu ukakuta kipande cha bomba kilichonyooka, kimechomelewa ncha zote mbili, mahali palipokuwa na masega, kile kifaa cha kusafisha moshi.

Nayasema haya nikiwa na doa. Nimekuwa fundi wa ekzosi, na masega nimeyakata mwenyewe, mengi. Kila mteja nilimwambia gari litakuwa jepesi na mafuta yatapungua. Likawa jepesi kwa wiki moja, kwa sababu mwenyewe alitaka liwe jepesi. Masega yalibaki gerejini, akaja mtu wa vyuma chakavu akayachukua, na hela ile mteja hakuiona.

Mwongozo huu ni wa wale wanaopaswa kuizuia kazi hiyo: mkaguzi wa mazingira wa halmashauri, askari mkaguzi wa magari, na msimamizi wa magari wa kampuni au taasisi anayetaka kujua magari yake yamefanywa nini huko gerejini. Nimeufuata utaratibu wa Tanzania, ila kazi ya chini ya gari ni ileile Mombasa, Kampala au Bujumbura.

Hatua ya kwanza: elewa kilichoondolewa

Masega ni kitofali cha kauri au cha bati jembamba sana, chenye matundu madogo mengi kama nyumba ya nyuki, kilichopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa petroli ukipita humo ukiwa na joto la kutosha, kaboni monoksaidi hugeuka kaboni dayoksaidi, mabaki ya petroli huungua, na oksidi za naitrojeni huvunjwa. Yote haya hutokea bila mwenye gari kufanya lolote, mradi injini iko sawa.

Utasikia utetezi mmoja kila siku: "Masega hayaendani na mafuta yetu." Zamani ulikuwa utetezi wa kweli. Petroli yenye madini ya risasi huua masega haraka, maana risasi huifunika ile platinamu. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli hiyo, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imetoka sokoni. Dizeli nayo ilishushwa hadi salfa 50 kwa milioni katika nchi za Afrika Mashariki kuanzia Januari 2015. Fundi anayekuambia hivyo leo anarudia alichofundishwa na fundi aliyemtangulia.

Utetezi wa pili una ukweli nusu: "Yalikuwa yameziba." Masega huziba kweli, lakini hayazibi yenyewe. Injini inayopiga misi hupeleka petroli mbichi kwenye ekzosi, ikaungulia mle na kuyeyusha kitofali. Injini inayokula oili huyafunika kwa majivu. Ukiyatoa bila kutibu misi au ringi, ugonjwa unabaki palepale, ila umeondoa kilichokuwa kinakuonyesha kwamba upo. Andika hoja hii kwenye daftari lako, utaihitaji ukifika kwenye hatua ya adhabu.

Hatua ya pili: karatasi kabla ya barabara

Operesheni nyingi za moshi hufia ofisini. Watu hutoka na mashine, wanasimamisha magari hamsini, wanarudi na orodha isiyoweza kupelekwa popote. Kabla hujatoka, kaa na mwanasheria mfungue vifungu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za 2007, na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Kwa ekzosi zinazopiga kelele kama mizinga, ongeza kanuni za 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo. Maneno ya shtaka yaandikwe kabla ya gari la kwanza kusimama.

Kuna mashtaka ya aina mbili, na usiyachanganye. Moja linasema gari limezidi kipimo; hilo linadai namba kutoka kwenye mashine iliyohakikiwa. Lingine linasema gari halina kifaa lililokuja nacho, au kimeharibiwa. Hilo linadai picha na maelezo. Gari moja linaweza kuwa na yote mawili, lakini kila moja lisimame kwa miguu yake. Ukitegemea namba peke yake utashindwa mara nyingi, na sababu yake utaiona kwenye hatua ya sita.

Timu ndogo inatosha. Awepo askari wa usalama barabarani wa kusimamisha magari. Awepo mkaguzi wa mazingira mwenye kitambulisho chake. Sheria inamruhusu kuingia, kukagua na kuchukua vielelezo. Magari ya abiria na mizigo yakiwa mengi, ita LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Na awepo fundi mmoja anayejua ekzosi, asiye na gereji ndani ya eneo mnalokagua. Hili la mwisho msilipuuze. Fundi mwenye gereji jirani atayaona magari ya wateja wake yote ni mazima.

Hatua ya tatu: lijue gari kabla ya kulishutumu

Hapa wakaguzi wapya hujiaibisha. Wanasimamisha Coaster ya dizeli ya miaka ya tisini, wanalala chini, hawaoni chujio la masizi, lile la kwenye ekzosi za dizeli mpya, wanaandika "limeondolewa". Halikuwahi kuwa nalo. Dereva akija na wakili, kesi imekwisha, na habari itasambaa kijiweni kabla hujarudi ofisini.

Kwa magari yaliyotoka Japani, ambayo ndiyo mengi, kuna njia rahisi. Tazama kibao cha chasisi au cheti cha Japani kilichokuja na gari. Mbele ya namba ya modeli kuna herufi na kistari, kwa mfano UA-NCP60 au DBA-NCP110. Herufi hizo zinaeleza gari lilipitishwa kwa kiwango gani cha moshi. Kwenye mfumo wa herufi tatu ulioanza na kiwango cha 2005, herufi ya kwanza ikiwa D, gari liliidhinishwa likiwa chini ya kiwango kwa asilimia 75; ikiwa C, asilimia 50; ikiwa A, limefikia kiwango bila punguzo. Gari la petroli lenye kibao cha DBA haliwezi kuwa lilitoka kiwandani bila masega. Kibao hicho kipige picha. Kina nguvu kuliko maneno ya mtu yeyote, na dereva hawezi kusema kimebadilishwa na fundi.

Kwa gari lililotoka Ulaya au Dubai, tafuta kibati au stika ya moshi chini ya boneti. Usipopata, andika ulichokiona tu, uache kukisia.

Hatua ya nne: inama

Hii ndiyo kazi yenyewe. Unahitaji tochi, kioo kidogo chenye mpini mrefu, nyundo ya mpira, glavu za kuhimili joto, na simu yenye kamera nzuri. Tafuta uwanja tambarare wenye kivuli, mbali na barabara kuu, ambapo magari mawili yanaweza kusimama bila kufunga njia. Gari lizimwe, gia iingizwe, breki ya mkono ivutwe, tairi zizuiwe. Usimruhusu mtu aingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde kumi. Nimezika rafiki kwa sababu hiyo.

Anzia kwenye manifodi ufuate bomba kurudi nyuma. Magari mengi ya sasa yana masega karibu kabisa na injini, yamefunikwa na bati la kuzuia joto. Dalili ni hizi. Bati la joto halipo, lakini matundu ya skrubu zake yapo. Kipande cha bomba kina rangi tofauti na kilichobaki. Weldi ni ya mkono, ina mabonge, wakati ya kiwandani ni nyembamba na imenyooka. Sensa ya oksijeni ya nyuma imefungwa kwenye kipande cha ziada kama kikombe kirefu, ili isikae ndani ya moshi. Huo ni ujanja wa kuidanganya kontroboksi, yaani kompyuta ya injini.

Fundi mjanja zaidi haachi bomba lililonyooka. Anaupasua mkebe wa masega kwa juu, upande usioonekana, anachokonoa kitofali chote kwa nondo, halafu anauchomelea tena na kuupaka rangi ya fedha. Ukiangalia kwa chini, kila kitu kipo. Hapo ndipo nyundo ya mpira inapofanya kazi: gonga mkebe taratibu. Mkebe wenye masega hutoa mlio mzito, mfupi. Mtupu hulia kama debe. Ukisikia kitu kinacheza ndani, kitofali kimevunjika. Hilo ni suala la matengenezo, si lazima liwe la hila. Ukibaki na shaka, fungua sensa ya oksijeni injini ikiwa baridi, upitishe kamera ndogo ya waya. Ukiona ukuta wa mkebe ng'ambo badala ya matundu ya nyuki, piga picha, kazi ya macho imekwisha.

Muda wote huo zungumza na dereva. Usimkaripie. Mimi huanza hivi:

"Shikamoo mzee. Hii gari umekaa nayo muda mrefu?"

"Marahaba. Mwaka wa tatu huu, afande."

"Ekzosi uliwahi kuitengeneza?"

"Ilikuwa inavuma. Nilimpelekea kijana mmoja pale karibu na kituo, akasema kuna kitu kimeziba, akakitoa."

"Alikupa kile alichokitoa?"

"Hapana. Alisema ni takataka."

Kwa maswali matatu una gereji, na una mtu aliyeibiwa bila kujua. Madereva wengi hawajui kwamba kile kitofali kina thamani. Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipita dola 29,000 kwa aunsi moja, na ya paladiamu ikavuka dola 3,000 mwaka uliofuata. Bei hizo zimeshuka sana tangu hapo, lakini mnunuzi wa masega hajatoka mtaani. Dereva akielewa kuwa mali yake ndiyo iliyochukuliwa, anaacha kuwa mshtakiwa anayejificha, anakuwa shahidi.

Hatua ya tano: soma kontroboksi

Chomeka mashine ya kusomea makosa. Usitafute taa ya injini tu. Balbu hutolewa, na wakati mwingine hupigwa gundi nyeusi. Washa swichi bila kuwasha injini uhakikishe taa inawaka. Kisha soma yaliyohifadhiwa. Kosa P0420 linasema ufanisi wa masega uko chini. Lisipokuwepo, angalia kama vipimo vya ndani, vile ambavyo kontroboksi hujifanyia yenyewe gari likitembea, vimekamilika. Kama karibu vyote havijakamilika na umbali tangu makosa yafutwe ni kilomita mbili, mtu amefuta asubuhi hiyo baada ya kusikia mko barabarani.

Kwa gari lenye sensa mbili, fungua grafu zake. Ya mbele hupanda na kushuka haraka. Ya nyuma, masega yakiwa mazima, hutulia. Zikicheza pamoja kama mapacha, hakuna kinachofanyika katikati. Ya nyuma ikiwa imenyooka kama rula hata ukikanyaga mafuta na kuachia, shuku kidude cha kuidanganya. Magari ya zamani ya soko la Japani hayajibu kila swali la mashine hizi, na mengine hayakuja na sensa ya nyuma; usilichukulie hilo kuwa kosa.

Hatua ya sita: pima, lakini ujue kipimo kinasema nini

Injini iwe ya moto kweli, oili ifike nyuzi 80 hivi. Gari lililotoka kupaki halipimwi. Hakikisha ekzosi haina tundu, kwani hewa ikiingia itapunguza namba. Ingiza mrija ndani ya kutosha, subiri namba zitulie. Pima sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha pandisha mizunguko hadi 2,500 kwa dakika, shikilia, pima tena. Chapisha zote mbili.

Fungua kiwango kinachotumika kwako kabla ya kuandika kwamba limefeli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitoa cha pamoja mwaka 2022, EAS 1047. Kama mfano wa ukubwa wa namba, Ulaya hudai gari la petroli lililosajiliwa tangu Julai 2002 lisizidi kaboni monoksaidi asilimia 0.3 kwenye sailensa na 0.2 mizunguko ikiwa juu, na lamda, yaani uwiano wa hewa na mafuta, iwe kati ya 0.97 na 1.03.

Sasa ule mtego niliouahidi. Injini nzima ya sindano, hata ikiwa haina masega kabisa, inaweza kutoa kaboni monoksaidi karibu na nusu asilimia tu. Kwa viwango vya zamani vya asilimia 0.5 inaweza kupita, au ifeli leo na ipite kesho. Kuna hata mafundi wanaolipunguzia gari mafuta asubuhi ya ukaguzi ili lipite, halafu wanarudisha jioni. Ndiyo maana nasisitiza picha ya chini ya gari. Mashine inakueleza hali ya moshi wa dakika mbili zile. Haijui kama kuna kitu kilikatwa.

Lamda ndiyo kipimo ninachokipenda, kwa sababu wengi hawaikumbuki. Ikiwa nje ya mipaka na ekzosi haivuji, mchanganyiko umeguswa.

Dizeli ni habari nyingine. Kipima moshi hukagua weusi: unakanyaga mafuta hadi mwisho gari likiwa halitembei, unaachia, unarudia, unachukua wastani wa mara tatu za mwisho. Kwanza hakikisha mkanda wa taimingi hauko karibu kukatika, na dereva akubali kwa maandishi, la sivyo utalipa injini ya mtu. Ulaya hutumia kikomo cha weusi cha 2.5 kwa mita kwa injini isiyo na tabo, 3.0 yenye tabo, na 1.5 kwa magari yaliyosajiliwa baada ya Julai 2008. Kipimo hiki kinafaa kwa Fuso linalotoa wingu. Hakifai kwa Land Cruiser jipya lililotolewa chujio la masizi, kwa maana injini zake ni safi kiasi kwamba bila chujio bado linaweza kupita. Wazungu wenyewe walinaswa hapo. Uingereza iliamua Februari 2014 kwamba gari lililokuja na chujio likikutwa halina, limefeli hapohapo hata kama moshi hauonekani. Ubelgiji mwaka 2022, kisha Uholanzi na Ujerumani mwaka 2023, waliingiza mashine za kuhesabu chembechembe.

Kama huna mashine hiyo, tumia kitambaa cheupe. Kipitishe ndani ya ncha ya ekzosi. Gari lenye chujio zima huacha kitambaa karibu kilivyokuwa. Masizi mazito kwenye gari lililopaswa kuwa na chujio ni sababu ya kutosha kuliweka juu ya shimo la ukaguzi.

Hatua ya saba: ushahidi usiovuja

Kwa kila gari unahitaji picha tano, si zaidi: namba ya usajili, kibao cha chasisi, picha moja inayoonyesha sehemu iliyokatwa pamoja na kitu kinachotambulisha gari, kama vile ubao wenye namba yake ulioshikwa kando, picha ya karibu ya weldi, na skrini ya mashine. Karatasi ya kipimo iwe na tarehe, saa, namba ya mashine na tarehe ya uhakiki wake. Mashine isiyo na cheti cha uhakiki ni redio.

Andika ulichokiona, usiandike ulichokihukumu. "Mkebe wa masega umefunguliwa na kuchomelewa tena upande wa juu, ndani mtupu kwa kamera" ni ushahidi. "Gari limechezewa" ni porojo. Maelezo ya dereva yaandikwe kwa maneno yake, ayasome, asaini, na apewe nakala.

Kuhusu hela ya soda, nitasema moja tu. Toa stakabadhi ya ukaguzi yenye namba kwa kila gari lililosimamishwa, lililofeli na lililopita. Magari yaliyosimamishwa yakiwa arobaini na stakabadhi thelathini na moja, mkuu wa timu ana maswali tisa ya kuuliza jioni.

Hatua ya nane: adhabu inayorudisha kifaa

Faini peke yake haijawahi kurudisha masega kwenye gari. Dereva hulipa, huondoka, na anaendelea kutoa moshi uleule akiwa na risiti mfukoni. Mimi ningeenda hivi. Gari linalotoa wingu hadi nyuma hakuonekani lizuiwe kutumika siku hiyohiyo. Lililokatwa lakini halihatarishi mtu papo hapo lipewe notisi ya kutengenezwa yenye tarehe, siku thelathini kwa gari binafsi na pungufu kwa la biashara, na lirudi kupimwa. Sheria ya Mazingira inaruhusu kosa kufifilishwa, yaani kumalizwa kwa malipo bila kwenda mahakamani mkosaji akikiri kwa maandishi. Tumia nafasi hiyo kwa dereva wa mara ya kwanza, na uifungamanishe na matengenezo. Anayerudia, au kampuni yenye magari kumi yaliyokatwa kwa mtindo mmoja, apelekwe mahakamani.

Kwenye notisi andika wazi kwamba chanzo kitibiwe: plagi, koili, nozeli, ringi. Masega mapya kwenye injini inayopiga misi yatakufa ndani ya miezi, na dereva atakuja kukuonyesha kwamba fundi wake alisema kweli. Aje na risiti ya kifaa, na namba iliyopigwa kwenye mkebe. Isome. Nimewahi kuona mkebe mmoja mzima ukizunguka kwenye magari matatu: unafungwa asubuhi ya kurudi kupimwa, unatolewa mchana, unahamia kwa jirani. Chora alama ya rangi isiyofutika kwenye weldi siku ya kupima, piga picha.

Hatua ya tisa: nenda kwenye grenda

Hapa ndipo ningependa nusu ya muda wa timu uende. Gari moja ni gari moja. Fundi mmoja wa ekzosi anaweza kukata magari mawili kwa siku, na mnunuzi mmoja wa vyuma anahudumia mafundi wengi. Marekani walilifikia wazo hili baada ya kuhesabu: mwaka 2020 mamlaka yao ya mazingira, EPA, ilikadiria kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilitolewa vifaa vya kuzuia uchafu kwa takriban miaka kumi. Hakuna askari wa kusimamisha nusu milioni ya magari. Sheria yao inamgusa anayetengeneza, anayeuza na anayefunga kifaa cha kukwepa udhibiti, na kesi kubwa zimekuwa dhidi ya hao.

Chukua maelezo ya madereva ya mwezi mzima, uyapange kwa gereji. Majina mawili au matatu yatajirudia. Nenda na askari na kibali, mchana, gereji ikiwa wazi. Tafuta vifuko vya vumbi la kauri la kijivu, mikebe iliyopasuliwa, vikombe vya kusogezea sensa, na kompyuta yenye mafaili ya kubadilisha kontroboksi. Vaa barakoa na usipulize vumbi hilo, linakwangua mapafu. Omba daftari la kazi. Gereji isiyo na daftari ina simu, na kwenye simu kuna tangazo lake la "tunatoa masega, gari linakuwa jepesi" lenye bei. Tangazo hilo ndilo kukiri kwake. Lipige picha likiwa na tarehe kabla hujafika, kwa sababu ukifika litafutwa.

Kutoka hapo panda kwa mnunuzi. Biashara ya vyuma chakavu inahitaji kibali cha mamlaka ya mazingira ya taifa. Muulize kibali, muulize kumbukumbu za manunuzi: nani alimuuzia masega, mangapi, lini. Mikebe mia isiyo na jina la muuzaji ni suala la mazingira na pengine pia la wizi, kwani mingine hukatwa usiku kwenye magari yaliyoegeshwa. Mwenye gari aliyeibiwa kwa mtindo huo ni mhanga. Mpe barua ya polisi na muda mrefu zaidi wa kutengeneza.

Tahadhari moja. Fundi kijana wa chini ya mwembe asiyejua kusoma kanuni si sawa na gereji yenye bango la barabarani. Kwa huyo kijana, mara ya kwanza mpe onyo la maandishi na nusu saa ya kumweleza kazi ya kitofali kile. Mwenzangu mmoja wa zamani alipoelezwa hivyo aliacha kukata, akaanza kuuza masega yaliyotumika yenye risiti, na anakula.

Kama wewe si mkaguzi

Jirani anayekaa kando ya kituo cha daladala naye ana nafasi. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mazingira kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Kabla ya kufika huko, andikia halmashauri ukiwa na namba za magari, saa, siku, na video fupi zinazoonyesha namba na moshi pamoja. Orodha ya wiki mbili ina uzito kuliko malalamiko ya miaka miwili yasiyo na namba.

Ukinunua gari mkononi, fanya hatua ya nne mwenyewe kabla ya kutoa hela. Gonga mkebe. Ukilia debe, bei ishuke kwa gharama ya masega mapya, au muuzaji ayarudishe kwanza.

Siku ya kurudi kupimwa

Gari lirudi likiwa la moto. Anza kwa kuinama, si kwa mashine: namba ya mkebe inalingana na risiti, bati la joto limerudi. Kisha soma kontroboksi, vipimo vya ndani viwe vimekamilika. Havijakamilika, dereva azunguke nalo siku mbili arudi. Mwisho pima moshi. Likipita, funga notisi kwa saini mbili, mpe nakala, na ulitoe jina lake kwenye orodha ya wanaofuatiliwa. Jina la gereji liache pale lilipo kwa miezi sita.